Hisabati na Adabu ya Kuulizana

Imepokewa katika vitabu vya mirathi kwamba Seyyidna Ali bin Abi Talib alikuwa juu ya mimbari ya Kufa akiwahutubia watu, ndipo aliposimama mtu mmoja akamwuliza habari ya marehemu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama: kila mmoja wao apate nini? Mafungu ya warithi hao yalikuwa yamekwisha kuwekwa na sheria, mke thumni, mabinti thuluthi mbili kwa pamoja, baba sudusi na mama sudusi, hata mtu asiyeizoea kazi hiyo angedhani kwamba hapana lililobaki ila kuyataja. Lakini mali ikikatwa mafungu 24, mke huchukua 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4, na jumla ya haki hizo ni 27. Mali ni 24 na haki ni 27, na mafungu matatu yaliyozidi hayana mahali pa kutoka. Mapokezi yasema kwamba Ali hakuikatiza hotuba yake: alijibu palepale kuwa thumni ya mwanamke yule imegeuka tusui, kisha akaendelea na maneno yake.

Walioketi katika darsa za mirathi za Lamu, Mombasa au Unguja wanaijua mas'ala hii kwa jina la mimbari, na wanajua kwamba jawabu lile fupi limebeba kanuni nzima: mali isipotosheleza haki, asili ya hesabu hupandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mwenye haki akapunguziwa kwa kadiri ya fungu lake, na mke aliyekuwa na 3 katika 24 akawa na 3 katika 27, ambayo ni moja ya tisa. Shekhe aliye hodari wa kazi yake haanzi kwa kuwapa wanafunzi kanuni hiyo waikariri. Huwapa maiti na warithi wake, akawaacha wagawe wenyewe mpaka wafike ukingoni mwa mali na haki za watu hazijaisha, na hapo ndipo mmoja wao, kwa mshangao wa kweli, anapouliza la kufanya. Kanuni inapokuja imekwisha kuombwa. Nimeianza makala hii kwa hesabu ya mirathi kwa sababu nina jambo moja la kusema ambalo naliamini kwa moyo wote, kwamba hisabati, ambayo watoto wetu wengi wameogofywa nayo kana kwamba ni ilimu ya watu wanaojitenga na kunyamaza, ni ilimu ya swali na jawabu, ya hoja na ya kuikanusha hoja, na kwamba mtoto asiyepewa nafasi ya kusema anachokifikiri wakati anapohesabu hawezi kuijua, hata akizihifadhi kanuni zake zote.

Mgeni akipita nje ya madarasa yetu mengi saa ya hisabati atasikia sauti kubwa, na asipokuwa mwangalifu atadhani kwamba ndani mna mazungumzo. Mwalimu anasema, "Saba mara nane ni hamsini na...?" na watoto wanaitikia, "Sitaaa!" Mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" na darasa zima linajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Katika mwitikio huo aliyeelewa na asiyeelewa husikika sawasawa, na yule asiyeelewa, ambaye ndiye hasa aliyestahili kusikiwa, amejificha ndani ya sauti za wenzake kwa hiari yake na kwa hasara yake. Sisemi kwamba kuitikia kuna ubaya. Jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani, na sauti ya pamoja husaidia kulikalisha. Ubaya ni kuitikia kukawa ndiyo namna pekee ya mwanafunzi kufungua kinywa chake.

Kielelezo cha kale kabisa cha somo la hisabati la mazungumzo kimo katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, kilichoandikwa Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Socrates anazungumza mjini Athens na bwana mmoja wa Thessaly, ambaye ndiye Meno mwenyewe, na ili kumwonyesha namna mtu anavyojifunza anaomba aletewe mmoja wa watumwa wake, kijana asiyepata kusomeshwa hisabati hata siku moja. Kabla ya lolote Socrates anataka kujua jambo moja tu: kijana huyu ni Mgiriki, na anasema Kigiriki? Anajibiwa kuwa ndiyo, ni mzalia wa nyumbani. Wasomaji wengi hulipita swali hilo mbio, nami nawaomba waliweke akilini, kwa kuwa nitalihitaji.

Socrates anachora mraba wenye upande wa futi mbili, eneo lake likiwa futi nne za mraba, na kumwuliza kijana: mraba wenye eneo maradufu ya hili, yaani futi nane, upande wake utakuwa wa futi ngapi? Kijana anajibu bila ya kusita kwamba eneo likiwa maradufu na upande utakuwa maradufu, yaani futi nne. Socrates hamwambii kwamba amekosea. Anauchora mraba wa futi nne na kumtaka auhesabu, na kijana anaona kwa macho yake kwamba limetoka eneo la futi 16. Basi upande utakuwa kati ya mbili na nne, anasema, utakuwa tatu. Mraba wa tatu unachorwa, nao una futi 9, karibu na nane lakini si nane, na kijana sasa anaapa kwamba hajui. Hapo Socrates anamgeukia Meno na kumwuliza kama kijana amedhurika kwa kufikishwa hapo, au kama hali yake ni bora kuliko ilivyokuwa mwanzo, alipokuwa hajui na hana habari kwamba hajui. Kisha kazi inaendelea: katika mraba mkubwa wa futi 16, uliofanyika kwa miraba minne midogo, unachorwa mstari wa pembe kwa pembe katika kila mraba mdogo, mistari minne inakutana na kufanya mraba uliosimama kwa ncha, na kwa kuwa kila mstari umeukata mraba wa futi nne nusu kwa nusu, ndani zimebaki nusu nne za futi mbili mbili, ambazo ni futi nane kamili. Upande uliotafutwa ni ule mstari wa pembe kwa pembe, ambao hakuna namba nzima wala sehemu yoyote iwezayo kuutaja kwa ukamilifu, na ndiyo maana kijana asingeupata kwa kubahatisha hata angetaja namba mpaka jua lichwe.

Kisa hiki kimesifiwa kwa miaka zaidi ya elfu mbili, na mimi pia nakisifu, lakini kwa insafu ni lazima niseme kwamba sehemu yake ya mwisho hainipendezi kama ya kati. Katika ile ya mwisho Socrates ndiye anayechora mistari, ndiye anayejua iendako hoja, na kijana kazi yake kubwa ni kusema ndiyo; ukimwondoa Socrates na ukaweka mwalimu mwenye chaki, hapana tofauti kubwa na ile "Ndiyo, mwalimu" ya darasa letu. Uzuri wa kisa uko katika majawabu mawili ya makosa. Yale ndiyo yaliyokuwa ya kijana mwenyewe, yalitoka katika akili yake na kila moja lilikuwa na sababu, na kwa kuwa aliruhusiwa kuyasema kwa sauti yaliweza kupimwa, na yalipopimwa yakaanguka, na yalipoanguka pakabaki haja ambayo haikuwapo kabla.

Hilo nililiona mwenyewe katika shule moja ya msingi ya pwani, nilipokuwa nimekaa nyuma ya darasa la tano na mwalimu, mama mmoja mpole wa sauti, ameandika ubaoni nusu kujumlisha thuluthi. Mvulana mmoja alikwenda ubaoni, akajumlisha viasi, akajumlisha asili, akaandika mbili ya tano. Ghalati hii kila mwalimu wa hisabati ameiona mara zisizo na idadi, na dawa yake ya kawaida ni kuifuta na kuandika jawabu sahihi. Mwalimu huyu alimwambia, "Haya mwanangu, tueleze umejuaje." Mvulana akasema kwamba jana yake alipiga penalti mbili akafunga moja, na asubuhi ile amepiga tatu akafunga moja, jumla amepiga tano na kufunga mbili. Darasa lilitulia, kwa maana maneno yale yalikuwa na akili, na sidhani kwamba kuna mtu mzima awezaye kuyakanusha, kwani kwa penalti hesabu yake ni ya haki kabisa.

Msichana aliyekaa dirishani aliinua mkono. "Mwalimu, mimi nina nusu ya mkate. Nikiongezwa thuluthi nitakuwa na mbili ya tano? Mbili ya tano si ndogo kuliko nusu? Nimeongezwa halafu mkate wangu umepungua?" Mvulana akatazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasema bila ya kuona haya kwamba ule ni mkate, na yeye amesema penalti. Hapo mwalimu aliingia kwa swali moja tu: nusu ya nini, na thuluthi ya nini? Wakabishana wao kwa wao mpaka ikawadhihirikia kwamba nusu ya mkate na thuluthi ya mkate hukatwa katika mkate ule ule mmoja, hata ukigawanywa vipande sita huwa ni vitatu na viwili, jumla tano ya sita. Bali nusu ya penalti mbili na thuluthi ya penalti tatu ni sehemu za mafungu mawili mbalimbali, nazo zinapounganishwa fungu lenyewe limekua. Kanuni ya kutafuta asili moja, ambayo watoto wengi huibeba mpaka kidato cha nne bila ya kujua inawahudumia nini, hapa ilikuwa jawabu la ugomvi wao wenyewe. Na mvulana hakurudi kitini kama aliyeshindwa. Alirudi kama mtu ambaye hoja yake imepatiwa mahali pake.

Jambo la namna hiyo limeandikwa kwa urefu na bibi mmoja wa Kimarekani, Deborah Ball, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kitivo cha elimu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1990 alikuwa akifundisha hisabati darasa la tatu katika shule ya East Lansing, na mtoto anayemwita Sean katika maandishi yake alisema kwamba 6 yaweza kuwa shufwa na witiri pamoja, kwa kuwa imefanyika kwa mbili tatu, na tatu ni witiri. Mwalimu angeweza kumsahihisha kwa neno moja. Alimwacha aseme, na wenzake wakamjia kwa hoja, mmoja akiwa msichana anayeitwa Mei, aliyesema kwamba ikiwa ni hivyo basi na 10 ni namna hiyo, maana ni mbili tano, na mwisho wake kila namba itaitwa witiri na shufwa. Sean hakuudhika, alishukuru kwa kuonyeshwa kwamba 10 nayo imo. Darasa likaendelea kuzitafuta namba za aina hiyo, 2, 6, 10, 14 na zinazofuata, likaona kwamba huja kila baada ya nne, na mwalimu akakubali ziitwe namba za Sean, huku akihakikisha kwamba maana ya shufwa na ya witiri inayojulikana na watu wote haipotei. Msomaji aliye na kalamu ajaribu kujumlisha namba mbili zozote za Sean, aone kama anaweza kupata ya tatu. Na akishindwa, atafute kwa nini.

Wako wanaosema kwamba michezo hiyo ni ya watoto, na kwamba mwanahisabati wa kweli hufanya kazi yake chumbani peke yake. Lakini mjini Lwów, uliokuwa Poland wakati huo na leo uko Ukraine, mwanahisabati Stefan Banach na wenzake walikuwa wakikutana katika mkahawa ulioitwa wa Kiskoti na kuandika hesabu juu ya meza za marumaru, mpaka mwaka 1935 mke wa Banach akanunua daftari ili maswali yao yasifutwe pamoja na uchafu wa meza. Baadhi ya maswali yalitiwa tunzo. Moja, lililoandikwa na Stanisław Mazur mwaka 1936, liliahidiwa bata bukini aliye hai, na Per Enflo wa Sweden, aliyelijibu mwaka 1972, alikabidhiwa ndege wake na Mazur mwenyewe.

Tuna mafundisho yetu pia. Katika baraza za mwambao, bao la mashimo 32 na kete 64 huchezwa na watu wawili na kuzungumzwa na watu kumi, na mchezaji akihesabu vibaya mtaji wake haikosi mzee wa pembeni atakayemwambia kete zake zitaishia wapi na kwa sababu gani, na mchezaji naye atambishia, wala hapana atakayeondoka pale akimwona mwenzake mjinga. Hesabu zinazofanywa pale si nyepesi, na hufanywa na watu ambao wengi wao wangekuambia kwamba hisabati iliwashinda shuleni. Tofauti, kwa rai yangu, ni aibu. Shuleni jawabu la makosa huandikiwa mkasi mwekundu, huchekwa, na zamani, na mahali pengine hata leo, huadhibiwa kwa bakora. Mtoto mwenye akili hujifunza upesi kwamba usalama uko katika kunyamaza, na somo hilo hulishika kuliko lolote lililoko ubaoni.

Sasa nalirudia swali la Socrates: anasema Kigiriki? Mzalia yule angeulizwa kwa lugha ya kigeni asingeweza kukosea kwa namna yenye manufaa, kwa sababu ili mtu akosee vizuri lazima aweze kueleza anachodhani na kwa nini anakidhani. Tanzania tangu mwaka 1967 imewasomesha watoto wa shule za msingi za serikali hisabati kwa Kiswahili, na katika kidato cha kwanza ikawavusha ghafla kwenye Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akisema kiasi na asili, witiri na shufwa, kipeo na kipeuo, anaamka siku moja akiwa hana jina la kitu hata kimoja anachokijua. Anaweza kunakili, anaweza kufuata mfano wa ubaoni na kubadili namba, lakini hawezi kusema, "Mwalimu, nusu ya nini?" kwa sababu swali hilo dogo linahitaji lugha iliyo moyoni. Utafiti wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, uliowakutanisha wanazuoni wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, wakiwamo Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ulilinganisha masomo yaliyofundishwa kwa lugha mbili, na katika yale ya Kiswahili wanafunzi walikutwa wakiuliza, wakijibu na kubishana zaidi. Hili walimu walikuwa wakilijua zamani, kwani ni wengi wanaofunga mlango wa darasa na kueleza kwa Kiswahili kile kitakachotahiniwa kwa Kiingereza. Mimi siipingi lugha yoyote, na mtoto wetu ajue Kiingereza na Kiarabu na Kifaransa akiweza. Ninachokiomba ni kwamba katika hisabati za sekondari ubishi uruhusiwe waziwazi kwa Kiswahili, na uandishi wa mwisho ufuate lugha ya mtihani, ili kile kinachofanywa kwa siri na woga kifanywe kwa mpango.

Najua jawabu nitakalopewa, na ni jawabu zito: mwalimu ana wanafunzi 90 katika chumba kilichojengewa 45, ana muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani, na kipindi chake ni cha dakika 40, atazungumza na nani? Kwa hakika hawezi kuzungumza na wote, na anayemtaka afanye hivyo hamtendei haki. Lakini wanafunzi 90 ni jozi 45, na hesabu moja iliyochaguliwa vizuri huzitosha jozi zote. Waachwe kwanza dakika tano, kila mmoja na daftari lake na kimya chake, maana asiyefikiri peke yake hana la kumpelekea mwenziwe. Kisha wageukiane wawili wawili kwa dakika kumi, kila mmoja amweleze mwenziwe amejuaje, na mwalimu apite kati ya madawati akisikiliza tu, akitafuta majawabu mawili yanayopingana na yenye sababu. Hayo mawili yaandikwe ubaoni ubavu kwa ubavu, bila ya alama ya kosa wala ya pata, na lisifutwe hata moja kabla ya mwenyewe kusimama kulitetea.